Senene wa Shangazi Magdaline

Simu ina huruma zake: haioneshi magoti yakigongana. Siku zote alipozungumza na Hillary, yeye akiwa Jeddah na mwenzake Riyadh, sauti ya Euphrasia ilikuwa ya mwanamke anayejiamini. Lakini Ijumaa ile asubuhi na mapema, akiwa amesimama nje ya duka la chai mtaani Kandara, Jeddah, karibu na kituo cha zamani cha mabasi, magoti yalimsaliti. Basi la Riyadh lilikuwa limefika.

Walishuka Wabengali na mablanketi yao, wakashuka Wayemeni, akashuka mzee mmoja na ndoo ya tende. Kisha akashuka Hillary, mrefu, mwembamba, begi mgongoni, na mikononi amekumbatia trei ya mayai kama mtu aliyekabidhiwa kitoto kichanga.

"Ndiye huyo?" aliuliza Shangazi Magdaline.

"Ndiye."

"Mbona kabeba mayai?"

Hillary alikuwa ameshawaona, anakuja huku akitabasamu, na macho yake yalipotua kwake yalikaa hapo muda mrefu kidogo kuliko ilivyostahili mbele ya mtu mzima. Hawakushikana mikono. Walisalimiana kwa macho tu, na macho yakasema yote ambayo simu ilikuwa imeyaficha. Kisha Hillary akamgeukia shangazi, akainama kidogo.

"Shikamoo."

"Marahaba. Hujambo?"

"Poa."

Euphrasia alifumba macho. Wiki nzima walifanya mazoezi ya hiyo shikamoo, wakasahau kwamba ikiitikiwa kuna kinachofuata.

"Poa," alirudia shangazi taratibu, kama anayeonja mchuzi wa jirani.

"I mean, sijambo. Sijambo kabisa, anti."

"Mimi si anti. Maanti wako saluni. Mimi ni shangazi. Na hayo mayai ni ya nini? Jeddah hakuna mayai?"

"Niliogopa leo Ijumaa maduka yatakuwa yamefungwa. Ni ya huko mlimani. Utaona."

"Nitaona," alisema shangazi, na kwa namna alivyolisema neno lile, mtu angedhani ni hakimu anaahirisha kesi.

Na kweli ilikuwa kesi. Huko Bukoba, baba yake Euphrasia alikuwa ameletewa habari za mtu mmoja wa Kamachumu, Absalom, mwenye nyumba ya matofali, shamba la kahawa na sifa za kutolala baa. Wazee wake walikuwa wanakuja Jumapili kuleta posa. Baba hakuwa na neno baya juu ya Hillary, ila kwamba alikuwa Mkenya, Mkalenjin, asiye Mkatoliki, na hakuna mtu wa Bukoba aliyewahi kumwona akila. Mwisho mzee alimpigia dada yake Magdaline, mkunga wa siku nyingi Jeddah, ambaye ndiye aliyemlea Euphrasia tangu mama yake alipofariki, hata akamtafutia kazi ya uuguzi katika hospitali ileile. "Wewe ndiye mwenye mtoto," alimwambia. "Ijumaa jioni nitakupigia. Ukisema Mkenya anafaa, hawa wa Jumapili nitawaambia wasichoke bure. Ukisema hafai, basi."

Kwa Wahaya, shangazi akishasema, kaka mtu hana rufaa. Shangazi naye alikuwa na imani moja tu kuhusu wanaume. "Mezani kila mwanamume ni malaika," alipenda kusema. "Mpandishe basi, mchoshe, mtie njaa, ndipo atoke alivyo." Kwa hiyo alitaka safari, na si safari ya gari la kukodi lenye kiyoyozi. Basi la watu wote. Hillary, aliposikia, hakushtuka. Alisema anajua mlima.

Ndani ya basi la kwenda kusini shangazi ndiye aliyepanga viti. Hillary dirishani, yeye pembeni yake, na Euphrasia upande wa pili wa njia, trei ya mayai mapajani. Bahari ilikuwa kulia, jangwa kushoto, na Euphrasia hakuona hata kimoja. Kazi yake ilikuwa kulinda mayai na kutega sikio.

"Baba yako ana wake wangapi?"

"Mmoja, shangazi. Na huyo mmoja bado hajamuweza."

"Pombe unakunywa?"

"Hapa Saudia?"

"Nimeuliza unakunywa. Sijauliza wapi."

"Krismasi. Kidogo."

"Sisi ni Wakatoliki."

"Najua. Frasia aliniambia mapema. Nimeanza kujifunza Salamu Maria. Nimefika katikati."

Shangazi aligeuza uso, akawa anaangalia kiti cha mbele kwa muda mrefu.

"Na Mkristo mwenye akili zake," aliendelea baadaye, "anatoka Riyadh usiku kucha kuja kupanda jiwe. Kwa nini mlima?"

Hillary alikaa vizuri. Kazi yake kule Riyadh ilikuwa kutengeneza mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, na ndizo zilizomkutanisha na Euphrasia miaka miwili nyuma, hospitali ya Jeddah ilipompeleka binti huyo kozi huko. Alikuwa akipenda swali lolote ambalo jibu lake lilipitia kwenye mashine.

"Kuna Mjapani alikuja kutufunza mashine mpya. Mzee hivi, mpole sana. Akaniambia kwao weekend ikifika watu wanachukua treni, halafu basi ya kijiji, wanashuka chini ya mlima ya volkeno. Hakuna haja ya gari. Wanapanda na miguu mpaka juu. Wakishuka, huko chini kuna vijiji za maji moto. Wanaingia wanakaa humo mpaka uchovu inaisha. Mimi nikamwambia, mzee, hata kwetu Baringo maji inachemka yenyewe kutoka kwa mchanga, na sisi tunachemsha mayai ndani. Akashtuka. Akasema hata wao wanachemsha mayai. Hapo nikajua huyu ni Mkalenjin tu, alipotelea mbali."

Shangazi alikohoa. Euphrasia alikijua kikohozi hicho tangu utotoni. Kilikuwa kicheko kilichonyimwa ruhusa.

"Sasa nikauliza madereva," Hillary aliendelea, "kama hapa Saudia kuna mlima kama hiyo. Wakaniambia huko mbele ya mji wa Lith iko moja, na chini yake kuna maji moto. Wazee wa magoti wanaenda kukaa humo. Nikakumbuka Frasia aliniambia uko na shida ya magoti."

"Frasia anasema mengi," alisema shangazi. Lakini mkono wake ulikwenda kwenye goti, ukalisugua.

Walipofika Lith walishuka, na hapo safari ya lami ikaisha kwa heshima. Kilichobaki kilikuwa Hilux ya Myemeni mmoja aliyekuwa akibeba watu wa vijijini. Shangazi alikaa mbele. Vijana walikaa nyuma wazi, pamoja na gunia la ngano na mbuzi aliyefungwa miguu, na shangazi alihakikisha kwa macho yake kwamba mbuzi yuko katikati.

Ilikuwa mara ya kwanza siku ile wako peke yao, mbuzi akiwekwa kando.

"Umekonda," alisema Euphrasia.

"Ni basi. Nimelala nimekaa." Alimtazama. "Wewe umekuwa mrembo zaidi. Kwa simu network inakupunguza."

"Acha maneno. Umeulizwa maswali yote?"

"Amebakisha meno tu, ndio hajahesabu." Gari liliruka shimo, wakashika ukingo mmoja, na vidole vyao vikakutana juu ya chuma kilichopata joto la jua. Hakuna aliyetoa mkono. "Frasia, huyo wa Kamachumu. Unamjua?"

"Nilimwona harusini mara moja. Si mtu mbaya."

"Hiyo ndiyo inaniogopesha. Angekuwa mbaya ningelala."

Euphrasia alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Ndani ya mkoba wake kulikuwa na pakiti ya karatasi ya foili, na pakiti ile ilikuwa nzito kuliko uzito wake.

Shangazi alimkabidhi jana yake jioni. Walikuwa senene, wale panzi wa msimu, walioletwa na mtu kutoka Bukoba msimu ulipokuwa umechanganya, na Euphrasia mwenyewe ndiye aliyewakaanga wakakauka vizuri. Siku hizi kila mtu anakula senene, wasichana wa mjini wanawatafuna barabarani kama karanga. Lakini nyumba ya Shangazi Magdaline ilibaki na desturi ya zamani. Wanawake walikusanya senene, wakawatoa mabawa na miguu, wakawakaanga, wakampelekea mume. Mume akala. Kisha kwa shukrani akamnunulia mke nguo mpya. Mwanamke hakuonja. Euphrasia alikulia katika sheria hiyo, na hata leo hakujua ladha ya kitu alichokipikia watu tangu akiwa mdogo.

"Mpe huko juu," shangazi alikuwa amesema. "Usimweleze neno. Akikucheka, tumeshajua. Akikataa, tumeshajua. Akila, subiri uone. Mwanamume mwenye shukrani atatafuta cha kukupa hata kama hajui desturi yetu. Hata kitambaa cha shingoni. Ukirudi utaniambia ukweli, na mimi nitamwambia baba yako."

Tatizo ni kwamba siku moja, kwa simu, bila kujua anachokigusa, Hillary alikuwa amewacheka watu wanaokula panzi. Euphrasia hakumwambia kitu. Alikata simu akisingizia zamu.

Kijiji chenyewe kilikuwa minazi michache, la, si minazi, mitende, pamoja na nyumba za rangi ya vumbi na mabwawa mawili ya saruji yenye kuta, moja la wanaume na jingine la wanawake. Nje ya kuta maji yalitoka yakifuka mvuke, yakakimbia kwenye mfereji. Na nyuma ya yote hayo ulisimama mlima, mweusi ti, umbo la chungu kilichofunikwa, usio na mti hata mmoja.

Hillary aliweka mayai kwenye mfuko wa wavu, akaufunga kwenye jiwe na kuuzamisha pale maji yalipokuwa makali zaidi. Alifanya hivyo kwa uangalifu wa mtu aliye nyumbani kwao.

"Shangazi, hii ni kazi yako. Tukirudi yatakuwa tayari."

"Na mimi niwe mlinzi wa mayai." Alikuwa ameshavua viatu na kukaa ukingoni mwa mfereji, chini kidogo ambako maji yalikuwa yamepoa. Miguu ilipogusa maji, uso wake ulilegea bila kutaka. "Nendeni. Mlima huu hauna hata kichaka. Nitawaona mpaka kileleni, kama sisimizi kwenye mkate."

Walianza kupanda. Hillary alitangulia, na kwa dakika chache Euphrasia alielewa kwa nini watu wa kwao wanashinda mbio za dunia nzima. Miguu yake haikujua mlima na tambarare vina tofauti gani. Euphrasia yeye alikuwa amepandisha abaya na kuikaza kiunoni juu ya suruali, na kila hatua aliyopiga mawe madogo meusi, mepesi, yenye matundu kama yale ya kusugulia visigino, yalimrudisha nyuma nusu yake.

Hillary alisimama, akageuka, akashuka mpaka alipo. Kisha akapita, akakaa nyuma yake.

"Tangulia."

"Nitakuchelewesha."

"Kwetu ukichunga, wa polepole ndiye anatangulia. Ndiyo hakuna mbuzi inapotea."

"Umenifananisha na mbuzi?"

"Mbuzi ni mali, Frasia. Usione vibaya."

Aliteleza akicheka, na mkono wa Hillary ukamdaka kiwiko. Ukamshika pale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Euphrasia aliusikia moyo wake masikioni, na akajiambia ni mlima. Alitazama chini. Kule bondeni kidoa cheusi kilikuwa kimekaa ukingoni mwa maji, na kidoa hicho kiliinua mkono kikaupunga mara moja, kwa ukali.

"Ametuona," alisema.

"Nimeachilia."

Kilele kilikuwa ukingo wa bakuli kubwa. Ndani yake, ambako zamani moto ulikuwa ukichemka, kulikuwa na mchanga na nyasi kavu, na ndege wawili wadogo wakitembea kama wenye nyumba. Upande wa pili, mbali, bahari ilikuwa uzi mwembamba wa buluu. Upepo ulivuma kwa nguvu, na baada ya joto la njiani ulikuwa mtamu. Walikaa bega kwa bega; walikuwa na furaha, na walilijua hilo.

"Akikataa je?" aliuliza Euphrasia mwishowe.

"Nitarudi wiki ijayo nimuulize tena."

"Hillary, na baba keshapokea posa ya watu?"

Hillary aliokota jiwe, akalitupa ndani ya bakuli, wakalisikia likigonga. "Basi nitakuwa nilifika hapa na wewe," alisema. "Lakini sitaki hiyo ikuwe yote. Nakupenda, Frasia. Sitaki kukuwa mtu ulipanda naye mlima mara moja."

Machozi yalimjia Euphrasia karibu. Akaona afadhali afanye aliloagizwa kabla hayajamwagika. Alifungua mkoba, akatoa ile pakiti, akampa.

"Nimekuletea kitu. Ule."

Hillary alifungua foili. Alitazama ndani, akamtazama yeye, akatazama ndani tena. Euphrasia aliangalia bahari, shingo imekakamaa.

"Hizi ni nini?"

"Senene."

"Hizi ni panzi."

"Ni senene."

"Wewe ndiye umezipika?"

"Ndiyo. Kwetu ni kitu kikubwa. Kama hutaki..."

"Sijasema sitaki." Alishika mmoja kwa vidole viwili, akamtazama usoni kana kwamba wanajuana, akafumba macho, akatia mdomoni. Alitafuna. Jicho moja likafunguka. "Ngoja." Akachukua mwingine. "Ngoja kwanza. Hii ni kama ngozi ya kuku ile imekauka kwa sufuria. Frasia, mbona hukuniambia? Na siku ile nilicheka watu wa panzi. Ni wewe nilicheka?"

"Ni mimi."

"Pole. Nilikuwa mjinga." Alichukua wa tatu. Kisha akasogeza pakiti katikati yao. "Kula."

"Mimi sili."

"Mbona? Uliweka sumu?"

"Kwetu wanawake hawali. Wanapika tu."

"Aki wewe. Unapika, unabeba mpaka juu ya mlima, halafu unakaa hapo unaniangalia mdomo?"

"Ndivyo ilivyo."

Hillary alikunja foili, akaiweka mapajani. "Basi hata mimi nimeshiba. Tumepanda wote, njaa ni ya wote. Mama yangu akisikia nilikula mlimani na mwenzangu ananitazama, hataniachilia niingie kwa nyumba yake. Ni wote ama hakuna."

Euphrasia alimwona anamaanisha. Aliona pia kitambaa kipya alichojifunga shingoni, chekundu cha miraba, na moyo wake ukamwomba: kivue, nipe, hata kunifuta vumbi tu, tumalize. Hillary alikivua kweli. Akajifuta jasho la uso, akakisokomeza kwenye begi.

Basi. Desturi ilikuwa imekwenda na maji. Na pengine kwa sababu hiyo, au kwa sababu ya upepo, au kwa sababu mwanamume aliyempenda alikuwa bado anamngoja na pakiti mapajani, alinyoosha mkono, akaikunjua foili, akachukua senene mmoja na kumtia mdomoni.

Alikuwa na chumvi, na mafuta, na utamu wa mbali uliokuja mwishoni. Alikumbuka usiku wa utotoni, taa kali nje ya kuwavutia senene, watoto na ndoo, vidole vyake vinavyonuka mafuta, na jinsi alivyokuwa akivilamba gizani halafu akienda kuungama kwa padri. Aliona kama alikuwa akinyimwa kitu cha kwake mwenyewe kwa miaka yote, na hakuna aliyegundua mpaka alipokuja mtu wa Baringo.

"Unalia?" Hillary aliuliza.

"Ni watamu," alisema, na akachukua mwingine.

Walikula mpaka pakiti ilipofika nusu. Hapo Hillary aliikunja tena. "Hizo zingine tuache," alisema, akaiweka begini. Euphrasia hakuuliza. Alidhani anabakisha za safari.

Njia ya kushuka ilikuwa fupi na yeye akaona ni ndefu. Alikuwa amekula. Hakupewa nguo. Angeweza kumdanganya shangazi, kitambaa kilikuwa mle begini, angekiomba tu akajifunga nacho. Wazo hilo lilimjia mara mbili. Mara zote mbili alilifukuza, si kwa utakatifu, bali kwa sababu shangazi angelijua kabla hajafungua mdomo.

Walimkuta shangazi palepale, miguu majini, abaya imepandishwa hadi magotini, na uso wa mtu aliyelala vizuri.

"Mayai yako," alimwambia Hillary, "hayakuiva. Nimevunja moja, limenimwagikia. Maji ya huku hayajui kupika."

Hillary alienda kuutoa mfuko wake, akalipasua jingine, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Baringo yangeiva."

"Nenda kanawe mikono. Nazungumza na mtoto."

Hillary alisogea pale mfereji ulipokunja. Shangazi aliweka simu yake juu ya jiwe, kioo juu. Muda wa kaka yake kupiga ulikuwa umekaribia.

"Haya. Alikucheka?"

"Hapana, shangazi."

"Alikula?"

"Alikula. Akaomba radhi kwa siku aliyocheka."

"Alikupa nini?"

"Hakunipa nguo. Kitambaa alikuwa nacho, akajifutia jasho."

Shangazi alishusha pumzi.

"Na mimi nilikula," Euphrasia aliongeza upesi, kabla ujasiri haujamtoka. "Alikataa kula peke yake. Akasema ni wote ama hakuna. Nikala, shangazi. Wengi. Nisamehe."

Shangazi Magdaline alitazama maji yakipita juu ya miguu yake. Euphrasia alikuwa ameshamwona akikasirika, akiomboleza, akipiga kelele wodini mpaka madaktari wakakimbia, lakini uso huu hakuwahi kuuona.

"Marehemu mume wangu," alisema shangazi kwa sauti ndogo, "alikuwa mtu mwema. Kila msimu alininunulia kitenge. Bado ninavyo sandukuni. Nilikaa naye mpaka Mungu alipomchukua, na kila msimu nikamkalisha, nikampakulia, nikasimama mlangoni. Alinishukuru sana. Hata siku moja hakuniambia, Magdaline, njoo uonje."

Hatua za Hillary zilisikika kwenye changarawe. Alikuja na begi, mikono ikichuruzika maji, akachuchumaa mbele ya shangazi jinsi vijana wa kwao wanavyochuchumaa mbele ya wakubwa, na akatoa ile pakiti ya foili.

"Shangazi, Frasia amesema nyinyi hamkuli. Lakini wewe ulikaa hapa na njaa ukilinda mayai yangu mabichi. Tukakubakishia. Kama ni vibaya, nisamehe, sijui mila yenu. Kwetu mtu akibaki chini kulinda, sehemu yake haiguswi."

Alimnyooshea kwa mikono miwili.

Shangazi alimtazama kijana, akatazama pakiti. Mkono wa shangazi, ule uliopokea watoto wa watu kutoka nchi hata asizozijua, ulitoka polepole, ukaingia kwenye foili, ukatoka na senene mmoja. Alimgeuza kwenye mwanga. Akamla.

Alitafuna muda mrefu, macho yamefumbwa, na chozi moja likashuka likakata vumbi la shavuni. Alipofumbua macho hakulifuta.

"Chumvi kidogo imezidi," alisema.

Akachukua mwingine. Kisha akamnyooshea Hillary kidole kilichojaa mafuta. "Nguo lakini utanunua. Desturi haijafa kwa sababu umekuja wewe. Na si ya huyu tu. Mbili."

"Mbili, shangazi," alisema Hillary. Hakuelewa nguo gani wala kwa nini, lakini alimwona Euphrasia amejifunika uso kwa viganja, mabega yanatikisika, na kati ya vidole macho yanacheka, akaona yatosha.

Simu ikalia juu ya jiwe. Jina la kaka yake likawaka kwenye kioo. Shangazi hakuharakisha. Alitia senene mwingine mdomoni, akajifuta kidole kwenye abaya, akapokea na kuweka sauti ya nje ili wote wasikie.

"Magdaline," ilisema sauti ya mzee kutoka Bukoba. "Nakusikiliza. Hawa watu wa Jumapili niwaambie nini? Mbona husemi? Una nini mdomoni?"

"Senene, kaka," alisema shangazi. "Kanipa mkweo."